Tumemzika mzee wangu kwenye kihamba chake. Uzi wa kumkumbuka baba aliyependa familia na ardhi yake

#1

Wakuu shikamooni mnaostahili, wengine habari za majukumu. Nipo nyumbani Kilema, Vunjo, matanga yameisha na wageni wengi wameshashuka, tumebaki mimi, dada yangu mkubwa na bi mkubwa. Msibani watu walisimama wakamsema mzee vizuri sana nawashukuru, ila wasifu uliosomwa ulikuwa ni kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, wajukuu, ugonjwa, basi. Yule mtu niliyeishi naye mimi hakuwemo mle. Nataka nimwandike hapa taratibu, uzi utakuwa mrefu, mwenye muda akae.

Mzee alizaliwa kipindi cha vita ya pili ya dunia, kitinda mimba kwa babu. Akasoma misheni mpaka darasa la nane akaenda Korogwe kuwa karani kwenye mashamba ya mkonge, enzi hizo mkonge ndio ulikuwa unaingizia nchi hela. 1967 likaja Azimio la Arusha mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa, yeye akaendelea na kazi, ila 1969 babu akaanza kuugua akaitwa nyumbani. Wanaojua mila zetu wanajua kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka, kaka mkubwa anakuwa ameshakatiwa chake mapema. Sasa wenzake wengi waliorithi hivyo walikuwa wanamwachia mke shamba wao wanarudi mjini, Krismasi wanapanda na mchele na sukari wiki moja wameondoka. Mzee akarudi mazima. Aliacha mshahara, aliacha nyumba ya kampuni, akaja kushika jembe kwenye ekari moja na robo. Mama anasema siku wanachumbiana alimwambia kabisa mimi sitakuwa baba wa barua, kama unataka mtu wa barua tafuta mwingine.

Kwa ambao hamjawahi kufika kwetu, kihamba sio shamba la kawaida. Ukiingia unaona kama msitu, juu kuna miringaringa na mifuruanje na migrevilea, chini yake migomba, chini ya migomba mikahawa, chini kabisa magimbi, maharage, majani ya ng'ombe, na viazi vikuu vimepanda kwenye miti. Ng'ombe yuko bandani hatoki, anakatiwa majani na magogo ya mgomba analetewa, samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba. Nyumba iko katikati na makaburi ya wazee yako pembeni ya nyumba. Ukiuza kihamba umeuza na babu yako, ndio maana watu wa kwetu wanakuwa wakali sana kwenye haya mambo. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliitambua Shimbwe Juu kule Uru kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa ajili ya mfumo huu huu wa vihamba. Nilimsomea mzee ile habari kwenye simu, akasikiliza mpaka mwisho akauliza "wamepita kuangalia na mfongo wao?"

Mfongo ndio mtaro wa maji, unachepushwa kutoka mtoni kule juu karibu na msitu unateremka kilometa na kilometa unapita kihamba hadi kihamba, wazee walichimba kwa mikono kabla hata ya Mjerumani kuja. Una wenyewe, una kamati, una zamu. Mzee alikuwa kwenye kamati ya mfongo wetu miaka mingi. Zamu yetu mara nyingi iliangukia usiku, na alikuwa anatuamsha watoto wote, wa kike na wa kiume, tunapanda na chemli (taa ya mafuta) mpaka kwenye mgawanyo. Pale unaziba njia ya jirani kwa kipande cha gogo la mgomba unashindilia udongo na majani mpaka maji yageuke, halafu mmoja anabaki pale kulinda na wengine mnashuka mnayafuata maji yanavyoenda, unasikia yanakuja kwenye majani makavu kabla hujayaona. Yeye anatembea mbele na jembe anafungua kijito kwa kila shina. Alikuwa anataja mgomba mmoja mmoja, huyu amezaa juzi mpe kidogo, huyu ana mimba mpe sana. Na zamu ikiisha hata kama shina moja halijapata anafunga, anarudi kuzibua njia ya jirani mwenyewe kwa mkono, hakubali mtu mwingine aifanye kwa niaba yake. Alikuwa anasema maji ya mwenzako ukiyachelewesha umemnyima mtoto wake chakula.

Nitaendelea nikitoka kukata majani ya ng'ombe.

#2

Pole sana mkuu, Mungu ampumzishe mzee. Mimi mtu wa Rombo, hapo kwenye chemli umenirudisha mbali mno. Endelea tupo.

#3

Pole mleta uzi. Ila nikuulize, mnaosema wazee wetu walipenda ardhi, si ni kwa sababu hawakuwa na kingine? Angekaa Korogwe na ukarani wake si angepata cheo, angewasomesha vizuri zaidi? Siulizi kwa ubaya.

#4

Nimerudi. Asanteni wote mliotoa pole.

Mkuu wa #3 swali lako ni la haki na mimi nimewahi kujiuliza nikiwa kidato cha nne naona wenzangu baba zao wanakuja na gari. Ngoja nikueleze hela ilivyokwenda kwetu, halafu utaamua.

Kahawa ya arabika ya Kilimanjaro ilianzia hapa hapa misheni ya Kilema, mapadre wa Roho Mtakatifu ndio walileta miche mwishoni mwa karne ya 19. Wazungu walowezi hawakupenda Mchaga alime kahawa, walisema ataleta magonjwa mashambani mwao, na wazee wetu wakaunda umoja wao wa wakulima 1925 ili kulinda haki hiyo, ndio baadae 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Babu yangu alikuwa mwanachama. Kwa hiyo mikahawa aliyoikuta mzee 1969 ilikuwa na historia ya watu waliosimama kuitetea, na kwake kuing'oa au kuitelekeza ilikuwa ni kumsaliti babu.

Mwaka 1975 jalidi ikaua kahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, na 1977 mzee akapata hela ambayo hajawahi kuishika wala hakuishika tena. Wenzake walinunua pikipiki na redio kubwa. Yeye alijenga nyumba ya tofali vyumba vinne hii tuliyomo, akanunua ng'ombe wa maziwa, na zilizobaki akalipia kitanda cha mama kujifungulia hospitali badala ya nyumbani kwa sababu mimba iliyotangulia iliharibika. Mimi ndiye niliyezaliwa kwenye hicho kitanda. Halafu zikaja shida, vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa tangu 1976, malipo yanacheleweshwa, vita ya Kagera, sukari na sabuni hakuna, tunaogea majani. Kufika 1989 ule mkataba wa kimataifa wa kahawa uliokuwa unashikilia bei ukavunjika, bei ikaanguka. Miaka ya 90 soko likafunguliwa wanunuzi binafsi wakaingia, wengine walikuja na hela mkononi wengine walikuja na ahadi, na kufika 2001 na 2002 bei ya dunia ilikuwa chini kiasi ambacho gharama ya mrututu (dawa ya kupulizia mikahawa) peke yake ilikuwa inakula mauzo. Majirani wakaanza kung'oa wakapanda nyanya.

Mzee hakung'oa lakini pia hakukaa kuomboleza. Alipunguza safu mbili tu za mikahawa mizee sana iliyokuwa inashambuliwa na chulebuni (ugonjwa unaoozesha punje za kahawa) kila mwaka, akaweka migomba ya mshare na majani ya ng'ombe, maziwa yakawa ndiyo ada. Kila asubuhi lita alizokamua anazipima mwenyewe, anaandika kwenye daftari la mraba kwa mwandiko wa ukarani ule ule wa Korogwe, upande wa kushoto lita upande wa kulia jina la mtoto na anachodaiwa shuleni. Nina madaftari hayo hapa mezani naandika nikiyaona. Kuna ukurasa ameandika jina la dada yangu na neno "viatu" halafu amekata, akaandika tena wiki iliyofuata, akakata, mara ya tatu ameweka alama ya vema. Watoto sita wote tumemaliza sekondari, wanne tumeenda vyuo. Sio kwa mkonge ni kwa ekari moja na robo.

Na cha pili mkuu, ni kwamba alikuwepo. Nikiugua usiku ni yeye. Nikitoroka shule anajua kabla sijafika nyumbani maana njia ya shule inapita ukingoni mwa kihamba. Hivyo vitu huwezi kuvipigia hesabu ya cheo.

#5

Mkuu hapa mimi #3, nimekuelewa na nimeguswa kiukweli. Mshua wangu alikuwa wa barua. Endelea.

#6

Wakuu mimi ni mtu wa Bukoba, uzi huu umenigusa naomba niweke na wa kwangu maana kibanja na kihamba ni ndugu, sisi tunayo kahawa ya robusta na migomba hivyo hivyo nyumba katikati.

Taata, yaani baba yangu, alifariki miaka kadhaa iliyopita. Ule mnyauko wa bakteria ulipoingia Kagera miaka ya 2000 katikati, migomba ilikuwa inaoza kutoka ndani, ukikata ndizi ndani imekuwa kahawia na shina linatoa usaha wa njano. Watu walilia jamani, mgomba kwetu ndio chakula, ndio mahari, ndio kila kitu. Mabwana shamba wakaja wakasema ng'oeni mlioathirika wote mzike, na ule mkungu dume (ua linaloning'inia chini ya ndizi) msiukate kwa panga maana panga inabeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba, uvunjeni kwa kijiti chenye panda. Wengi walipuuza. Taata alikuwa na miaka zaidi ya sabini, alitengeneza kijiti kirefu cha panda, akawa anapita kila siku asubuhi na mimi nyuma yake, anakitia kwenye shingo ya mkungu dume anazungusha unakatika unaanguka. Aling'oa karibu nusu ya kibanja kwa mkono wake, kila shina analing'oa anakaa kidogo. Akaacha ardhi ikae, akapanda maharage msimu kadhaa, ndipo akarudisha migomba. Leo kibanja chetu kimejaa na wale waliopuuza wamenunua ndizi sokoni miaka.

Aliniambia kibanja ukikihurumia mgonjwa mmoja unawaua wazima wote. Pole sana ndugu yangu wa Kilema.

#7

Huyo wa Bukoba umenitoa machozi asee. Kijiti cha panda nakumbuka hata marehemu mjomba alikuwa nacho Muleba.

#8

Mimi mleta uzi. Ndugu yangu wa Bukoba asante sana, taata alikuwa mwanaume. Nimemsomea dada post yako amesema nikuombee dua.

Kuna mtu ameniuliza PM kuhusu ugomvi wa mipaka, kama mzee hakuwahi kugombana na mtu maana ukisoma unaona kama malaika. Aligombana. Miaka ya 80 mwishoni jirani mmoja alihamisha masale, kwa msiojua sale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mipakani, ukiona mstari wa masale umefika mwisho wa eneo la mtu. Jirani aling'oa usiku akayasogeza hatua tatu ndani kwetu pale mfongo unapokata kona, kipande kidogo lakini kina maji. Mzee asubuhi akaona udongo mbichi. Mimi nilikuwa mdogo ila nakumbuka alivyoganda. Wajomba walitaka waende na mapanga. Yeye akaenda kwa wazee wa ukoo, wakaja wakakaa, jirani akakana. Ikawa hivyo miaka, hawaamkiani, sisi watoto tunakatazwa kupita kwao.

Halafu mtoto wa yule jirani akapata ajali Dar, hela ya kumsafirisha hamna, baba yake akabaki anazunguka. Siku hiyo ameingia uani kwetu mkononi ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Wachaga humu mnajua, mtu akikujia na sale lazima usamehe, hata kama amekuulia mtoto huwezi kulikataa. Mama anasema mzee alilipokea kwa mikono miwili, hakusema neno, akaingia ndani akatoka na hela ya maziwa ya mwezi mzima akampa. Kesho yake yule jirani ndiye aliyerudisha masale kwenye mstari wa zamani, peke yake, mzee akiwa amekaa kibarazani anamwangalia hajanyanyuka kumsaidia wala kumharakisha. Baada ya hapo mbege wanakunywa pamoja kibuyu kimoja. Huyo jirani msibani ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi, na ni mzee wa fimbo.

#9

Hiyo ya sale inaheshimika mpaka leo Machame. Vijana wa sasa wanakimbilia baraza la ardhi la kata wakati kuna njia ya wazee.

#10

Baraza nalo lina kazi yake usiseme hivyo, kuna watu ukiwaletea masale wanawalisha ng'ombe wao.

#11

Samahani naingilia, mimi ni mwanamke na ni wa Kilimanjaro pia. Mleta uzi umetaja dada yako mara nyingi, nataka kujua mzee aliwapa mabinti chochote kwenye hicho kihamba? Maana baba zetu wengi walikuwa wazuri kweli, wanatupenda kweli, ila ikifika ardhi unaambiwa wewe utaolewa. Mimi niliporudi nyumbani na watoto wangu baada ya ndoa kuvunjika kaka zangu walinionyesha kijichumba cha stoo.

#12

Dada yangu pole sana kwa hayo. Nilikuwa nataka kulifikia hili na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, naomba niliandike vizuri.

Dada yangu mkubwa hakuolewa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alipostaafu akarudi nyumbani. Kwa mila kihamba kilitakiwa kiende kwa mdogo wetu wa mwisho ambaye yuko Arusha, anajenga huko, hajui hata mpini wa jembe unashikwaje. Mwaka 2016 hivi mzee akaanza kukusanya karatasi. Alikuwa amesikia redioni kuhusu hati za kimila, akaniagiza nimtafutie ile sheria yenyewe, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999. Nikamprintia. Aliisoma na miwani yake siku kadhaa kibarazani, akapigia mstari pale panaposema mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawasawa na mwanaume, na pale panaposema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Akasema haya mambo kumbe yapo tangu 1999 na hakuna mtu alikuja kutuambia.

Wa Bukoba nadhani mnakumbuka 1990 kesi ile ya Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake ana haki ya kuliuza kama mwanaume, akasema mila ile inagongana na haki zilizomo kwenye katiba. Hiyo nilimsimulia mzee akaniambia nirudie mara mbili.

Basi akaita kikao cha ukoo. Akachinja mbuzi, mbege ikapikwa ya ulezi mzuri na msesewe (gome chungu la mti), wazee wakashiba. Halafu akasimama akasema kihamba hiki anakigawa mara mbili, sehemu ya juu yenye nyumba na mfongo ni ya binti yake, sehemu ya chini ya barabara ni ya watoto wa kiume tushirikiane bila kuuza. Weee. Palichafuka. Baba mdogo mmoja akasema umekufa ungali hai, huyo binti akifa ardhi inaenda kwa nani, hana mtoto wa kiume. Mzee akamjibu "wakati mke wangu amelala hawezi kugeuka, wewe na wanao wa kiume mlikuwa wapi?" Akakaa. Hakuna aliyejibu.

Maana yake ni kwamba mama alipata kiharusi mwaka 2014, upande wa kulia wote ukalala. Na mzee, mwanaume wa Kichaga wa miaka sabini na kitu, alimwogesha mke wake kila siku. Alijifunza kumpikia mtori mwenyewe, anachagua mshare uliokomaa lakini haujaiva, anaumenya chini ya maji ili utomvu usimshike, anaupika na nyama ya mfupa mpaka ulainike anauponda na mwiko mpaka unakuwa laini kabisa maana mama alikuwa hawezi kutafuna. Wanaume walimsema kilabuni. Dada ndiye aliyekuwa wa pili wake, wakipokezana usiku. Sisi wa kiume tulikuwa tunatuma hela. Nimeandika nilivyoandika ili mjue ardhi ile dada hakupewa kwa huruma.

Mdogo wetu wa Arusha ndiye aliyesimama wa kwanza pale kikaoni akasema mzee mimi nimekubali, nakala ya karatasi mpe dada leo mbele ya watu. Nampenda sana kwa hilo. Hati ya kimila ilitoka, ina jina la dada, ipo kabatini na imepigwa picha tunazo wote kwenye simu.

#13

Mimi #11. Sina la kusema kaka. Mwambie dada yako nimefurahi kwa ajili yake kutoka moyoni. Na hiyo sheria naenda kuisoma.

#14

Isome dada, na uanzie kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, uliza kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji maana bila hicho hati ya kimila haitoki. Huko kwetu ilichukua muda kwa sababu hiyo.

#15

Mleta uzi tueleze mzee mwisho wake ulikuwaje, kama haikuumizi.

#16

Haiumizi, nashukuru umeuliza.

Figo zilianza kusumbua, akalazwa mara kadhaa, mwisho akasema nirudisheni nyumbani nikaone kahawa inavyochanua. Ilikuwa kipindi mvua za vuli zimenyesha na mikahawa ikatoa maua yote kwa pamoja, wanaojua wanajua harufu yake inafika mpaka barabarani. Tukamtoa nje na kiti. Hakusema maneno makubwa, alilalamika kwamba maotea hayajakatwa kwenye safu ya tatu na ni kweli yalikuwa hayajakatwa, kila shina tunaacha matawi makuu mawili au matatu yanayobaki kuzaa na hayo mengine yanayochipua yanatolewa, pale yalikuwa yameachwa kama kichaka. Nikachukua mkasi nikakata yeye ananielekeza, hilo bakisha, hilo toa, sio hapo, chini zaidi. Tumekaa hivyo siku mbili tatu. Akafa usingizini, mama pembeni yake.

Kaburi alishalichagua zamani. Sio pale kwenye mstari wa wazee pembeni ya nyumba, alisema pale pamejaa na kuna shina zuri la mgomba sitaki mling'oe kwa ajili yangu. Alichagua pale safu mbili za mikahawa mizee zilipotolewa, sehemu ya kona yenye jiwe ambayo haimei vizuri. Na alikataza marumaru. Baba mdogo yule yule alitaka tujenge kaburi kubwa la vigae na paa, kwamba wewe una watoto wenye vyuo utazikwaje kama maskini. Dada akasema ardhi ni yangu na kauli ya mzee nitaifuata. Likaisha. Tumeweka msalaba wa mringaringa, tumezungushia masale.

#17

Apumzike kwa amani mzee. Naomba ushauri kidogo kama hutojali, sasa hivi nani anakiangalia kihamba? Na kahawa mnaendelea nayo au bei bado inawasumbua? Mimi nina nusu ekari ya urithi Marangu imekuwa pori na uzi huu umenichoma.

#18

Dada ndiye mwenye kihamba na anakiangalia mwenyewe, ana kijana mmoja wa kumsaidia ng'ombe. Kahawa tunaendelea, ile mikahawa mizee ya babu inazaa kidogo na inataka dawa nyingi, mzee mwenyewe kabla hajaumwa alishaanza kuchanganya na ile aina mpya ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, haihitaji mrututu kama ya zamani. Tunauza kupitia chama cha msingi, kahawa ikiiva tunachuma nyekundu tu, tunamenya siku hiyo hiyo, tunaivundika usiku, tunaiosha, tunaianika juu ya vichanja sio chini. Ukifanya hivyo daraja linapanda na bei nayo inaleta nafuu, ukichanganya na kijani umejipunja mwenyewe.

Marangu nusu ekari sio kidogo mkuu. Usianze na kahawa, anza na mfongo. Nenda kwa kamati ukaulize kihamba chenu kilikuwa na zamu ya siku gani na kama mna deni la siku za kusafisha mtaro, lipa, halafu maji yakifika ndio uanze kuchimba mashimo. Mzee alikuwa anachimba shimo mpaka akisimama ndani linamfika juu ya goti, udongo wa juu anaweka kushoto wa chini kulia, anachanganya ule wa juu na samadi debe mbili iliyooza vizuri, anarudisha, anaacha likae hadi mvua inyeshe ndio anapanda. Kati ya shimo na shimo hatua nne za mtu mzima. Mipaka yako hakikisha na jirani kabla hujaweka jembe, na masale kama yamekufa pandeni wote wawili siku moja mkiwa na mzee mmoja wa kushuhudia.

Miche ya mshare dada anayo mingi, anasema atakupa bure kumi ya kuanzia, ya kwetu ni misafi haina mnyauko. Njoo PM nikuelekeze njia ya kufika, ukipandia Himo wahi gari za Kilema asubuhi, ukichelewa utachukua boda. Njoo na panga kali na magunia.